KUJITOLEA KATIKA MICHEZO YA WATOTO NI AMANA



Wapenzi wanafunzi na wazazi, mwaka huu nimetakiwa niandike juu ya kujitolea. Wengi wetu tukilisikia neno hili tunafikiria kufagia msikiti au kupika futari ya pamoja. Mimi nitaanzia mbali kidogo, kwenye mchezo ambao huku kwetu wachache wanaucheza. Sababu ni simu niliyopigiwa na mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa anaishi Marekani na aila yake na amejitolea kufundisha timu ya mtaani kwao.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Besiboli ina udugu na kriketi: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Softiboli ni mdogo wake. Mpira wake ni mkubwa zaidi, uwanja ni mfupi, na mrushaji hautupi kutoka juu ya bega bali huuachia kwa chini, usawa wa nyonga.

Mwaka 1939, katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, bwana mmoja aitwaye Carl Stotz alianzisha ligi ya watoto yenye timu tatu tu, akaupunguza uwanja ulingane na miguu yao. Hiyo ndiyo Little League, ambayo leo imeenea nchi nyingi. Wasichana walikubaliwa mwaka 1974, na mwaka huo huo wakaanzishiwa softiboli. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano yake ya dunia.

Ligi hizi zinaendeshwa na wazazi na majirani wasiolipwa. Wao ndio wanaochora mistari ya chokaa, kuuza vinywaji kibandani ili zipatikane fedha za mipira, kuandika daftari la mechi, kufundisha na kuamua. Hata waamuzi wa mashindano ya dunia hujitolea. Lakini mtu haingii tu kwa kuwa ana nia njema. Kila anayekaa na watoto mara kwa mara lazima rekodi yake ichunguzwe kila mwaka, asije akawa aliwahi kuwadhuru watoto. (Jambo hili na sisi tulifikirie, hata kwa walimu wa madrasa, nami nikiwemo.)

Sasa turudi kwenye simu ile. Mkono wa mtoto bado unakua, na kurusha sana huumiza kiwiko na bega. Ndiyo maana kanuni zimeweka idadi. Mtoto wa miaka tisa au kumi harushi zaidi ya mara 75 kwa siku. Akifika hapo anamaliza na mpigaji aliye mbele yake tu, kisha anatoka. Na akirusha mara 66 au zaidi, hupumzika siku nne kabla ya kurusha tena.

Kijana wetu ana mtoto wa miaka kumi, mrushaji hodari kuliko wote katika timu ya baba yake. Siku ya mechi ya mwisho walikuwa wanaongoza kwa pointi moja. Mwandishi wa daftari, naye mzazi wa kujitolea, aliteleza akaandika pungufu. Daftari lilionyesha 66, lakini baba alikuwa amehesabu mwenyewe, ni 75. Hakuna mwingine aliyejua. Akasimama, akamwambia mwamuzi, akamtoa mwanawe. Mtoto akalia, timu ikafungwa, wazazi wakamjia juu kwamba amewanyima watoto wao kombe.

“Ustadh,” aliniuliza, “nimewadhulumu?”

Nilimjibu kwamba angewadhulumu kama angenyamaza. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu japo ni dhidi ya nafsi zetu au jamaa zetu wa karibu. Hapo yeye alikuwa na yote mawili, nafsi yake na mwanawe. Tena mkono ule si mali ya timu, wala si mali yake baba. Ni amana aliyopewa. Wazazi wale anachowiwa nao ni maelezo, na kanuni aliyoisoma tangu mwanzo wa msimu angeliwasomea nao pia. Hapo nilimlaumu kidogo, naye alikubali. Yule wa daftari nilimwomba asimtangaze. Mtu aliyekaa juani saa mbili bila ujira akakosea hesabu, anahitaji msaidizi wa kuhesabu naye.

Mashindano yetu ya soka ya likizo yanahitaji waamuzi, watu wa maji na waandishi wa daftari. Wazazi walio tayari waniona baada ya Alasiri. Ambaye mwanawe anacheza, tutampangia mechi nyingine.