Kasiba ya Kale: Ibadilishwe au Iachwe?

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini je, mbacha ukiwa umetoboka? Swali hilo lilinikaa moyoni huku Michigan, Marekani, ninakoishi, kwa ajili ya bunduki niliyoachiwa na marehemu mkwe wangu.

Msomaji wa pwani huenda akashangaa, kwani kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki si mazungumzo ya barazani. Huku, kwa mwenye leseni, kuwinda sungura ni jambo la kawaida.

Bunduki yenyewe ni Ruger 10/22, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Hula risasi ndogo ya .22. Fataki ya risasi hii haikai katikati ya kitako cha ganda kama zile kubwa, bali imo ndani ya ukingo wake, na pini hugonga pale ukingoni.

Taabu ilikuwa shabaha. Kwa yadi 50 risasi zilitawanyika upana wa kiganja. Kwa karatasi si neno, lakini sungura ni kiumbe. Hukumu ya windo la risasi nawaachia masheikh. Ila sote twajua tumeamrishwa wema hata katika kuchinja, kisu kinolewe, mnyama asiteswe. Risasi ikienda upande, mnyama hujeruhiwa akaenda kufia kichakani, asiliwe na mtu.

Vijana wakaniambia, "Mzee, nunua kasiba mpya!" Kweli, kazi ni nyepesi. Kasiba ya bunduki hii hushikwa na skrubu mbili tu, na mtu huibadilisha mezani kwake. Tena kwa sheria ya Marekani bunduki ni ule mwili ubebao mtambo. Kasiba huuzwa kama kipuri. Lakini zile nene za kushindania shabaha haziingii katika ubao wa kale mpaka uchongwe. Hapo moyo wangu ukagoma, kwani ubao ule umelainishwa na kiganja cha marehemu.

Basi nikaanza na lililo rahisi. Risasi ya .22 ni ya madini laini, na nguvu ya baruti yake si kubwa, kwa hivyo haili chuma upesi. Kasiba zake hustahimili maelfu kwa maelfu ya risasi. Mara nyingi kinachoziharibu ni ufito wa kusafishia, ukikwaruza mdomo. Nikaumulika mdomo: mzima. Nikasugua masizi yaliyoganda ndani, nikakaza skrubu za kasiba na za darubini, kisha nikajaribu risasi za viwanda vitatu, maana kila kasiba ina chakula ikipendacho. Kwa zile za tatu, matundu matano yalikusanyika mahali ambapo sarafu yetu ya shilingi 20 ingeyafunika.

Kasiba ya mzee imebaki. Haikubaki kwa ukale wake. Lau mdomo ungekuwa umeliwa, au mifereji ya ndani imekufa kwa kutu, ningeing'oa siku ile ile nikaihifadhi kabatini, kwani heshima ya marehemu haimponyi mnyama aliyejeruhiwa.

Nawe msomaji, ukiwa na cha kale, kiwe cherehani au injini ya mashua, kipime kwanza, ndipo ukihukumu.