Lyla Imeachwa Nje

Kwenye kipindi kilichopita tulipiga kelele sana kuhusu bei za tiketi, ila kuna jambo sikulisema. Oasis walirudi jukwaani Cardiff tarehe 4 Julai 2025, mara ya kwanza tangu wavunjike 2009, wakapiga nyimbo 23. Karibu zote za kabla ya 1998! Ya baadaye ilikuwa moja tu, Little by Little ya 2002, nayo aliimba Noel huku Liam akipumzisha koo.

Hesabu yao naielewa. Ndugu wawili waliokaa miaka 16 bila kupiga pamoja hawabahatishi. Uwanja mzima umekuja kuimba Wonderwall. Na hawakuwa waoga: Acquiesce, iliyopigwa ya pili kabisa, na Fade Away zilitoka upande wa pili wa singo. Shabiki wa zamani alipewa haki yake.

Lakini mimi, niliyezaliwa huku, nilianza sekondari 2005. Oasis yangu ni Lyla na The Importance of Being Idle, zote namba moja Uingereza mwaka ule, kwenye redio ya gari, baba akipiga usukani kama ngoma. Haikupigwa hata moja. Kaka, aliyenizidi miaka tisa, alitoka Wembley hana sauti. Kwenye treni nikaanza kuiimba Lyla peke yangu.

“Nyamaza wewe,” akaniambia, “hiyo si Oasis.”

Jamani! Na tiketi yake nilinunua mimi.