Sumbu Kalambay: bingwa wa dunia aliyezaliwa Lubumbashi, ambaye Congo inamtaja kidogo sana

MABALAKO, Kivu ya Kaskazini – Mazungumzo juu ya ngumi katika Congo yanaanza karibu kila mara na usiku mmoja: ule wa tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, pale Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Siku hizi yanaendelea na Ilunga Makabu, aliyechukua mkanda wa dunia wa WBC mbele ya wakaaji wa Kinshasa mwanzoni mwa 2020, na ndugu yake Martin Bakole, aliyejenga kazi yake Scotland. Kati ya Ali na hao ndugu wawili kuna zaidi ya miaka arobaini, na ndani ya miaka hiyo kuna jina moja linalorukwa: Sumbu Kalambay.

Kalambay alizaliwa Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili sawa na Beni, Butembo na Mangina. Kuanzia mwaka wa 1987 hadi 1989 alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati, ni kusema mabondia wasiopita kilo 72 na nusu. Mara mbili alimshinda Herol Graham, bondia ambaye Waingereza wanamkumbuka hadi leo kama mmoja wa watu wao bora kabisa. Graham hakupata hata siku moja mkanda wa dunia, lakini kwao hadithi yake inaelezwa kila mara. Aliyemshinda, huku alikozaliwa, anatajwa kidogo sana.

Kutoka Lubumbashi hadi Italia

Kalambay alizaliwa tarehe 10 mwezi wa nne 1956, wakati Congo ilikuwa bado chini ya Wabelgiji na mji wake uliitwa Élisabethville. Alikuwa na miaka minne wakati wa uhuru, na sita wakati Katanga iliporudishwa ndani ya Congo baada ya vita vya kujitenga. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966.

Alipokuwa kijana, nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire. Mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, na kila mtu alipashwa kutumia jina la kiasili. Kalambay alipofika Italia ikawa kinyume: Waitalia walimwita Patrizio. Ndiyo maana katika magazeti ya ngumi anaandikwa mara Sumbu, mara Patrizio, na msomaji asiyejua anaweza kudhani ni watu wawili.

Alianza kupigana kwa malipo huko Italia mwaka wa 1980. Alikaa upande wa bahari ya Adriatiki, kule kwenye miji ya Ancona na Pesaro, akachukua uraia wa Italia na kupanda polepole. Hakuwa mtu wa kumwangusha kila mpinzani. Silaha yake ilikuwa ngumi ya mbele ya mkono wa kushoto, iliyonyooka na kurudi haraka, pamoja na miguu iliyojua wakati wa kusogea na wakati wa kusimama. Bondia wa namna hiyo anashinda kwa pointi, raundi moja baada ya nyingine, na mara nyingi watu wanachelewa kutambua thamani yake.

Jirani kutoka Kampala

Kikwazo chake kikubwa cha kwanza hakikuwa mzungu. Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 1985, mjini Ancona, Kalambay aligombania mkanda wa Ulaya na Ayub Kalule, mtoto wa Kampala aliyekuwa anapigania Denmark.

Kalule hakuwa mtu mdogo. Mwaka wa 1974 alichukua medali ya dhahabu katika mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa, kule Havana. Mwaka wa 1979 alikuwa bingwa wa dunia wa WBA, na mwaka wa 1981 ilimbidi Sugar Ray Leonard mwenyewe kumpokonya mkanda huo.

Basi usiku ule, Waafrika wawili, mmoja wa Kampala na mwingine wa Lubumbashi, waligombania ubingwa wa Ulaya ndani ya ukumbi wa Italia. Waamuzi hawakukubaliana wote, lakini Kalule ndiye aliyeshinda. Wiki chache baadaye, mwezi wa pili 1986, Kalule alikwenda Sheffield, Uingereza, na huko alisimamishwa katika raundi ya 10. Mkanda ukabaki kwa Mwingereza aliyemshinda: Herol Graham.

Mwingereza asiyeguswa

Graham alizaliwa Nottingham mwaka wa 1959, akakulia katika ngumi mjini Sheffield chini ya mwalimu Brendan Ingle, Mwirlandi ambaye baadaye alimlea pia Naseem Hamed. Ingle aliwafundisha vijana wake jambo moja kabla ya yote: kutopigwa. Inasimuliwa kwamba Graham alizunguka kwenye vilabu vya wafanyakazi, mikono imefungwa nyuma ya mgongo, akiwaalika wanywaji wajaribu kumpiga usoni. Walipiga hewa.

Alitumia mkono wa kushoto, kiuno chake kilikunjika kama cha mchezaji wa ngoma, na wapinzani wengi walimkimbia kwa sababu kupigana naye kulikuwa kujiaibisha mbele ya watu. Alipofika Wembley, London, tarehe 26 mwezi wa tano 1987, alikuwa amepigana mara 38 na kushinda zote 38. Waingereza walikuwa wanasubiri tu siku yake ya kugombania dunia. Kalambay alikuwa kituo cha njiani.

Baada ya raundi 12 waamuzi walimpa Kalambay ushindi. Mtu aliyezoea kuwafanya wengine wapige hewa alikutana na bondia mwenye subira kuliko yeye. Mkanda wa Ulaya ukatoka Sheffield na kwenda Italia, na rekodi ya Graham ikaishia pale.

Bingwa wa dunia

Mwaka ule uzito wa kati ulikuwa bila mfalme mmoja. Marvin Hagler alikuwa amepoteza mbele ya Sugar Ray Leonard mwezi wa nne, na mkanda wa WBA ulibaki bila mwenyewe. Tarehe 23 mwezi wa kumi 1987, mjini Livorno, Kalambay aliugombania na Iran Barkley, Mmarekani wa New York mwenye ngumi nzito. Walipigana raundi 15 nzima, na Kalambay akashinda kwa pointi. Ili kupima uzito wa ushindi huo, inatosha kukumbuka kwamba miezi minane tu baadaye Barkley huyohuyo alimwangusha Thomas Hearns katika raundi ya tatu.

Tarehe 5 mwezi wa tatu 1988, mjini Pesaro, alikuja Mike McCallum wa Jamaika, aliyekuwa hajapoteza pambano hata moja katika ngumi za malipo. Kalambay alimshinda kwa pointi. Kisha akamshinda Robbie Sims, ndugu ya Hagler, na mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, kule Monte Carlo, akamwangusha Doug DeWitt katika raundi ya saba.

Ndani ya miezi 18 alikuwa ameharibu rekodi mbili ambazo hazikuwa zimeguswa, ya Mwingereza na ya Mjamaika, na kutetea mkanda wa dunia mara tatu. Mabondia wachache wa uzito wake wakati ule wanaweza kuonyesha kipindi kama hicho.

Sekunde 88

Hapo ndipo njia iligeuka. Kalambay alikubali kupigana na Michael Nunn, Mmarekani kijana aliyeshika mkanda wa IBF. Pambano kama hilo lingepashwa kuunganisha mikanda miwili, lakini WBA haikukubali na ikamvua Kalambay mkanda wake. Alipoteza ubingwa ofisini kabla ya kuingia ulingoni.

Tarehe 25 mwezi wa tatu 1989, mjini Las Vegas, pambano lilidumu sekunde 88. Nunn alirusha mkono wa kushoto, Kalambay akaanguka chali, na mwamuzi akahesabu hadi mwisho. Jarida la The Ring lililichagua pigo hilo kuwa K.O. ya mwaka.

Kwa Wamarekani wengi, Kalambay ni pigo hilo tu. Video yake inazunguka hadi leo, na anayeitazama haoni Wembley, haoni Livorno, haoni raundi 12 mbele ya McCallum. Ndiyo hatari ya mchezo huu: miaka tisa ya kazi inaweza kufunikwa na dakika moja na nusu.

Lakini tazama kilichofuata. Mkanda ule ambao WBA ilimvua ulihitaji mwenyewe mpya. Tarehe 10 mwezi wa tano 1989, mjini London, uligombaniwa na watu wawili: Mike McCallum na Herol Graham. Wote wawili walikuwa wamepigwa na Kalambay. McCallum alishinda kwa uamuzi uliogawanyika, na Graham akakosa dunia kwa nafasi ndogo sana.

Miaka ya mwisho

Kalambay hakuacha. Mwaka wa 1990 alirudisha mkanda wa Ulaya. Tarehe 1 mwezi wa nne 1991 alikutana tena na McCallum kule Monte Carlo, akapoteza kwa uamuzi uliogawanyika. Mwezi wa tatu 1992, akikaribia kufikisha miaka 36, alimkaribisha Graham kwa mara ya pili, safari hii Pesaro, na akamshinda tena kwa pointi.

Mwezi wa kumi mwaka uleule alimshinda Steve Collins wa Ireland. Jina hilo lina uzito wake: Collins ndiye aliyekuja kuwashinda Chris Eubank na Nigel Benn, mashujaa wawili wakubwa wa Uingereza wa miaka ile, mara mbili kila mmoja.

Pambano la mwisho la Kalambay lilikuwa tena kwenye udongo wa Uingereza. Tarehe 19 mwezi wa tano 1993, mjini Leicester, aligombania mkanda wa WBO na Chris Pyatt, mbele ya mashabiki wa Pyatt. Alikuwa na miaka 37. Alipoteza kwa pointi, na hakupigana tena. Hesabu yake yote: mapambano 64, ushindi 57, kushindwa 6, sare 1.

Graham yeye aliendelea kuitafuta dunia. Mwezi wa kumi na moja 1990, kule Hispania, alikuwa anamwongoza Julian Jackson, ambaye jicho lake lilikuwa karibu kufungika kabisa, pale ngumi moja ilipomlaza katika raundi ya nne. Alijaribu mara ya mwisho mwaka wa 1998 huko Marekani mbele ya Charles Brewer, akasimamishwa, na kazi yake ikaishia hapo. Mara tatu aligombania dunia, mara tatu alirudi mikono mitupu. Waingereza hawakumtupa kwa sababu hiyo. Wanamweleza pamoja na ufundi wake na bahati yake mbaya, na vijana wa Sheffield wanajua ametoka katika ukumbi gani.

Ni wa nani?

Kwa nini basi Kalambay hana nafasi kama hiyo huku? Sababu moja iko wazi: alipigana chini ya bendera ya Italia. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Congo ni mmoja, na hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine. Katika jimbo kama letu, ambako swali la uraia limekwisha kuleta machozi mengi, hakuna mtu anayelichukulia kuwa jambo dogo. Kwa karatasi, ubingwa wa 1987 ni wa Waitalia, na walistahili: walimpa ukumbi, walimu na mashabiki.

Lakini mpira umetufundisha hesabu nyingine. Tunaposhangilia Léopards, tunawashangilia Cédric Bakambu na Arthur Masuaku, waliozaliwa Ufaransa, na hakuna anayeuliza cheti chao cha kuzaliwa. Tunawaita watoto wetu kwa sababu ya mizizi yao. Tukiweza kuvuka bahari kwenda kumtafuta aliyezaliwa Paris, hatuna sababu ya kumruka aliyezaliwa Lubumbashi.

Si lazima kumpokonya kwa Italia. Inatosha kumtaja. Redio za michezo za Beni na Butembo, zinazojaza masaa kwa ligi za Ulaya, zinaweza kumpa kipindi kimoja. Walimu wa ngumi wanaweza kuwaonyesha vijana raundi zake mbele ya McCallum, kwa sababu ni somo kwa bondia asiye na ngumi ya kuua: mkono wa mbele, miguu, subira, na kazi hadi kengele ya mwisho.

Kijana wa Mabalako anayepiga mfuko leo anajua kwamba Makabu na Bakole wametoka Kananga na kufika mbali. Anastahili kujua pia kwamba mlango huo ulikwisha kufunguliwa zamani. Miaka 32 kabla ya usiku wa Makabu mjini Kinshasa, mtu aliyezaliwa Congo, katika mji wa Kiswahili, alikuwa amekwisha kuvaa mkanda wa dunia.