Sanamu ya Askari na majengo ya kihistoria ya Posta, Dar es Salaam

Sanamu ya Askari ni sanamu ya shaba nyeusi inayosimama katikati ya kipilefti ambako Barabara ya Samora inakutana na mitaa ya Azikiwe na Maktaba, katikati ya jiji la Dar es Salaam, Tanzania. Inaonyesha askari mmoja Mwafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akiwa ameshika bunduki yenye singe, na ncha ya singe imeelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 wakati wa utawala wa Waingereza. Wazee wa mji huiita pia Bismini.

Eneo linaloizunguka huitwa na watu Posta, kwa sababu ya vituo vya daladala vya Posta Mpya na Posta ya Zamani. Mtu akitembea kutoka sanamu hii hadi ufukweni, kisha akafuata ufuko kuelekea Ikulu, atapita mbele ya majengo ya tawala tatu: la Sultani wa Zanzibar, la Wajerumani na la Waingereza, pamoja na yale ya Tanzania huru. Ni eneo dogo, na wengi hulipita kila siku wakikimbilia basi bila kujua wanapita mbele ya nini.

Sanamu ya kwanza: Wissmann

Askari wa leo si sanamu ya kwanza katika mtaa huu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha karibu na bandari sanamu ya Hermann von Wissmann (1853-1905), iliyotengenezwa na mchongaji Adolf Kürle. Wissmann ndiye aliyeongoza jeshi lililovunja upinzani wa watu wa pwani mnamo 1889, na ambalo lilimkamata Abushiri bin Salim na kumnyonga Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani.

Umbo la sanamu hiyo lafaa kuangaliwa kwa makini. Wissmann alisimama juu ya nguzo, ameshika upanga wake na kuutazama mbali upeo wa macho. Chini yake alikuwapo askari Mwafrika, anayetandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa, huku macho yake yakiinuliwa kwa bwana wake. Mchongaji hakuhitaji maandishi ya kueleza nani alitawala na nani alitumwa.

Waingereza walipouteka mji mnamo Septemba 1916 waliiondoa sanamu na kuipeleka London kama nyara ya vita. Baada ya vita ilirudishwa kwa Wajerumani, na mwaka 1922 ikawekwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, mji ambao ulikuwa kituo cha masomo ya ukoloni na ambako Kiswahili kilifundishwa chini ya Carl Meinhof tangu 1909. Iliharibika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikasimamishwa tena 1949. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967. Wakuu wa mji wakairudisha. Wanafunzi wakaiangusha tena mwaka 1968, na safari hii haikurudi. Iliwekwa stoo. Mwaka 2004 ilitolewa na kuwekwa kwa miezi 14 karibu na bandari ya Hamburg ili wakazi wajadiliane jinsi ya kuitendea. Kwa hiyo askari wa kwanza wa Dar es Salaam, yule aliyechongwa akimtazama bwana wake, hadi leo yuko Ujerumani.

Sanamu ya pili: askari peke yake

Sanamu ya sasa ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikasubiwa kwa shaba nyeusi nchini Uingereza na kuletwa kwa meli. Kwenye kitako chake kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili. Kiswahili chake kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu. Hilo la mwisho lilikuwa la lazima. Katika miaka ya 1920 wenyeji wengi wa pwani waliojua kusoma walisoma kwa herufi za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling, na maneno hayohayo yalitumika kwa sanamu za Nairobi na Mombasa, ambazo pia ni kazi ya Stevenson.

Kwa upande wa sanaa, tofauti na sanamu ya Wissmann ni kubwa. Hapa hakuna Mzungu juu ya nguzo wala simba chini. Askari yuko peke yake, uso wake ni wa mtu na si wa mfano, na mwili wake unasonga mbele kana kwamba anaingia vitani sasa hivi. Mpita njia asiyejua historia anaweza kuidhani ni sanamu ya Tanzania huru. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kuachwa mahali pake baada ya 1961, wakati majina ya barabara yaliyoizunguka yalibadilishwa: barabara iliyoitwa na Wajerumani kwa jina la miti ya mikakaya, nayo Waingereza wakalitafsiri jina hilo, leo ina jina la Samora Machel wa Msumbiji.

Lakini askari huyu ni wa jeshi gani? Amevaa mavazi ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo askari wake waliitwa keya. Watu wengi wa Tanganyika waliopigana katika vita hivyo hawakuwa keya. Walikuwa katika Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa na askari Waafrika zaidi ya 10,000 na lililosalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918. Mtoto wa askari wa Mjerumani aliyekua Dar es Salaam mwaka 1927 aliiona sanamu ya adui wa baba yake ikizinduliwa katikati ya mji. Mwalimu anayewaleta wanafunzi hapa afadhali aanzie kwenye swali hilo.

Majina yasiyoandikwa

Maandishi ya sanamu yanawataja askari, wapagazi na watu wengine waliotumikia na kufa. Hayataji jina la mtu hata mmoja. Tume ya Makaburi ya Vita iliyoanzishwa na Uingereza mwaka 1917, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe la kaburi au kwenye ubao, bila kubagua cheo wala rangi. Katika Afrika ya Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa Waafrika. Wazungu walipata makaburi yenye majina. Waafrika walipewa sanamu tatu: Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa.

Walioumia zaidi ni wapagazi. Nchi ilikuwa na reli chache, na mbung'o waliua farasi, ng'ombe na nyumbu, kwa hiyo chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa kichwani. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na ugonjwa wa kuhara, nimonia na njaa uliua wengi kuliko risasi. Katika sanamu ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari, mtu kamili kwa mtu kamili. Dar es Salaam aliyesimama juu ni askari tu. Kumbukumbu kubwa ya wapagazi katika jiji hili iko mwendo mfupi magharibi mwa Posta, tena si sanamu: ni jina la Kariakoo, kutokana na Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa pale. Jina hilo hutamkwa kila siku na maelfu ya watu wanaokwenda sokoni.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa ripoti iliyokiri ubaguzi huo. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hadi 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mji wa matumbawe

Ukiteremka kutoka sanamu hadi Barabara ya Sokoine unafika kwenye mji wa kwanza, ule wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Majid alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, kwa kuvutiwa na bandari yenye maji tulivu. Alikufa mwaka 1870, na mrithi wake Barghash hakuendelea na kazi hiyo. Yaliyobaki kutoka enzi hiyo ni machache sana.

Linalojulikana zaidi ni Boma la Kale, lililojengwa 1866-1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani. Liko mkabala wa bandari, karibu na boti za Zanzibar. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko. Ufundi huu ni uleule wa Lamu, Mombasa na Unguja, na una kanuni yake: boriti ya mkoko ikikatwa haina urefu mkubwa unaofaa kubeba dari, kwa hiyo vyumba vya nyumba za aina hii ni virefu lakini vyembamba, karibu mita tatu. Anayeingia chumba kama hicho anapima kwa miguu yake urefu wa mti.

Chokaa nayo ina tabia yake. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huuruhusu kupumua. Fundi wa siku hizi akija na plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi husukuma kutoka upande wa pili na ukuta huanza kubomoka ukiwa umependeza kwa nje. Nyumba nyingi za kale za pwani zimeharibiwa na ukarabati wa namna hiyo, kwa nia njema kabisa. Boma la Kale lilikarabatiwa katika miaka ya 2010 na sasa lina kituo cha urithi wa usanifu wa jiji, kijulikanacho kama DARCH, chenye maonyesho ya picha na ramani. Ni mahali pazuri pa kuanzia matembezi.

Jengo lingine la miaka ya Majid ni Nyumba ya Atiman, iliyokuja kuwa mali ya Wamisionari wa Afrika. Ilipewa jina la Adrian Atiman, mtu aliyekamatwa utumwani utotoni huko Afrika ya Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, na kuwatibu watu wa Karema kwenye Ziwa Tanganyika tangu 1889 hadi kifo chake mwaka 1956.

Majengo ya Wajerumani na ya Waingereza

Dar es Salaam ilipofanywa makao makuu ya koloni mwaka 1891, Wajerumani walijenga kwa haraka kando ya maji, ili meli inayoingia iuone mji wao kwanza. Makanisa mawili yanatawala ufuko hadi leo. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa 1898-1902, lina mnara na vigae vyekundu vya Kijerumani, lakini juu ya madirisha vimewekwa vijipaa vidogo vya kuzuia jua na mvua. Kanisa Kuu la Mt. Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa 1897-1902, ni la mtindo wa Gothiki. Mbali kidogo, kwenye Barabara ya Ocean, iko hospitali ya 1897 iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu. Leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, inayotibu Watanzania wa kila hali.

Jumba la gavana Mjerumani lilipigwa mizinga na manowari za Uingereza mwishoni mwa 1914. Juu ya mabaki yake msanifu John Sinclair, ambaye kazi zake nyingi ziko Zanzibar, alijenga upya jumba lililokamilika 1922 lenye matao ya Kiarabu. Ndiyo Ikulu ya leo. Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George V wa Uingereza. Katika uwanja wake kuna kumbukumbu ya waliokufa katika mlipuko wa Ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998.

Mnara wa Saa, mwishoni mwa Barabara ya Samora, ulijengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji.

Ulinzi wa kisheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sharti hilo linafaa kwa Kilwa Kisiwani au Kaole. Kwa Posta lina tatizo kubwa, kwa kuwa Boma la Kale lenyewe ni la 1866. Kwa hiyo jengo lolote la mtaa huu hulindwa pale tu linapotangazwa kwa jina katika Gazeti la Serikali, na kilichotangazwa kinaweza kutanguliwa kwa tangazo lingine. Bei ya ardhi ya Posta ni kubwa mno, na nyumba ya ghorofa moja au mbili haiwezi kushindana na ghorofa 20.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni jengo la Salamander katika Barabara ya Samora, lililokuwa na mgahawa wenye baraza ambako watu walikaa na kutazama barabara. Lilibomolewa, na mahali pake umejengwa mnara wa ofisi ulioendelea kutumia jina hilohilo la Salamander.