Mlezi wa usiku: kazi ya kukaa na watoto katika nyumba za Kanisa



Tunapokwenda kuwatembelea watoto wa kituo, mara nyingi tunafika saa nne asubuhi. Tunabeba unga, sabuni na nguo. Watoto wanaimba, tunaomba, tunapiga picha, kisha tunarudi nyumbani. Saa nane usiku, mtoto mmoja anapoamka akilia, sisi hatupo. Aliyepo ni mama mmoja au baba mmoja ambaye hatukumwuliza hata jina. Leo tunataka kueleza kazi ya huyo, mlezi anayelala chini ya dari moja na watoto wasio wake.

Sisi tuliosoma teolojia Mulungwishi tulifundishwa kuhubiri, kuzika na kubariki ndoa. Kazi hii tuliijua baadaye, kwa sababu ya barabara. Mulungwishi iko kwenye njia ya Likasi kwenda Kolwezi. Malori ya madini hupita mchana na usiku, na kando ya njia hiyo wako watoto. Wengine waliacha shule ili waokote na kuosha mawe ya shaba na kobalti. Wengine walikosa nafasi nyumbani baba alipokufa au mama alipoolewa tena. Wengine waliitwa wachawi, na tukiri kwa haya kwamba mara nyingi neno hilo lilitoka kwenye vyumba vya maombi.

Mvulana mmoja wa miaka tisa alifukuzwa hivyo. Tulimpeleka katika kituo cha mji, tukamwombea, tukamwacha langoni tukidhani kazi yetu imekwisha. Katika miezi saba walezi watatu walimpokea na kuondoka, kwa sababu mshahara haukufika. Yule wa tatu alipokuwa akifunga mfuko wake, alituambia: “Baba Pasta, ule mutoto aliniuliza: na weye utaenda siku gani? Nilikosa jibu.” Wiki ile mtoto alitoroka. Alionekana sokoni mara mbili, kisha hatukumwona tena. Chakula kilikuwapo, na kitanda pia. Alikosa mtu wa kukaa naye.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliokosa makao baada ya vita. Alionyesha kwamba mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja wa kudumu, mama yake au anayeshika nafasi ya mama. Kuanzia mwaka 2000, wataalamu waliwafuata watoto wadogo 136 wa vituo vya Bucharest, Romania. Waliopelekwa katika jamaa za kuwalea walikua vizuri kuliko waliobaki katika vituo, ambako walezi walibadilishana kwa zamu.

Maandiko yanatusaidia kuona kazi yenyewe. Tusome tena 1 Samweli, sura ya 1 hadi ya 3, kama habari ya mtoto aliyelelewa mbali na nyumbani.

Kwanza, usiku. Samweli anaamka mara tatu na kukimbilia kwa Eli. Mzee anamrudisha kulala bila kumpiga, kisha anatambua kinachoendelea na kumfundisha la kujibu. Fikirini: mtoto anayesikia sauti usiku, katika kartye zetu angeitwaje? Mlezi mwema anafanya kama Eli. Anaamka, anasikiliza, hatii jina baya juu ya mtoto. Mtoto anayekojoa kitandani au kupiga kelele usingizini anaonyesha hofu aliyokuja nayo. Anahitaji shuka kavu na sauti ya upole.

Pili, jamaa. Hana alikwenda Shilo kila mwaka na kanzu ndogo aliyoishona. Kukaa mahali patakatifu hakukukata undugu. Vivyo hivyo mlezi anatunza daftari la kila mtoto: alitoka wapi, shangazi yuko kijiji gani, ni nani alikuja kumwona. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi unasema vilevile: jamaa kwanza, kituo pale tu kinapohitajika, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mlezi anafanya kazi ili siku moja mtoto asimhitaji tena.

Tatu, ulinzi. Hofni na Finehasi walitumia cheo cha nyumba ya Mungu kuwadhulumu watu. Eli alijua, akaonya kwa maneno tu, akawaacha kazini. Hilo ni onyo kwa kila parokia yenye nyumba ya watoto. Anayeomba kazi ya kulea aulizwe alikotoka. Mtu mzima asijifungie peke yake na mtoto. Fimbo na kunyimwa chakula visiwe adhabu. Mtoto awe na mtu mwingine wa kumwambia, nje ya kituo. Na likitokea baya, lipelekwe kwa serikali, lisizikwe katika kikao cha wazee.

Sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na kumshtaki mtoto kwa uchawi ni kosa la kufungwa. Kumweka mtoto kituoni kunapitia mtumishi wa mambo ya jamii na hakimu wa watoto. Mchungaji hamchukui mtoto barabarani na kumpeleka anakotaka, hata kwa upendo.

Na mshahara? Wengine wanasema kulea ni huduma, Mungu atalipa. Katika Kutoka sura ya 2, binti Farao alimpata mwanamke wa kumnyonyesha Musa, na palepale aliahidi kumlipa ujira wake. Mwanamke huyo alikuwa mama mzazi wa Musa. Kama yeye alilipwa, tunawezaje kumwacha mlezi wetu miezi mitano bila franka?

Ndugu wa makanisa ya mashariki, huko Goma, Bukavu, Uvira na Kindu, vita vimewaletea watoto wengi kuliko tunaowaona sisi huku. Mnajua uchungu huu kutupita. Tunawaomba jambo moja. Kabla ya kujenga nyumba nyingine, tafuteni katika makanisa yenu jamaa zinazoweza kumpokea mtoto mmoja mmoja, kwa idhini ya sheria. Na palipo na kituo, pangeni mfuko wa mshahara wa mlezi kabla ya mfuko wa zawadi za Noeli.

Lubumbashi, nyumba za yatima za Kanisa la Methodisti la Muungano zinaitwa Jamaa Letu. Ni jina zito. Safari ijayo mkienda kituoni, nendeni jioni, mikono mitupu ikibidi. Mtafuteni mlezi, mwulizeni jina lake, amelala saa ngapi, na amelipwa lini mara ya mwisho. Kisha leteni majibu hayo mbele ya baraza la parokia.