Nukta Moja Katika Jiwe la Kaburi

Katika makaburi ya Waislamu mjini Eldoret limo jiwe la kijivu ambalo urefu wake haupiti dhiraa. Limesimamishwa kichwani, baina ya makaburi mawili yaliyolala sambamba. Jiwe ni moja na majina ni mawili. Juu limeandikwa kwa Kiarabu jina la mwanamume, bin Abdallah, al-Mumbasi, aliyefariki mwezi wa Rajabu 1348. Chini limeandikwa jina la mwanamke, bint Abdallah, aliyefariki Shaabani 1361. Katikati ya majina hayo liko neno moja tu, na neno hilo mvua na kuvu vimelila nusu. Kwa ajili ya neno hilo tulipanda basi Mombasa, takriban kilomita 800, tukateremka alfajiri katika baridi ambayo mtu wa pwani huisikia mifupani.

Ilikuwa hivi. Bibi mmoja mwenye wajukuu alitujia baada ya darsa ya akina mama. Babu yake mzaa baba, alisema, aliondoka Mombasa akaifuata reli kwenda bara, asirudi tena. Alimwacha mkewe bila talaka, pamoja na mtoto mwanamume mmoja, ambaye ndiye baba wa bibi huyu, katika nyumba ya Majengo. Nyumba ile ingali imesimama, na nduguze wamekwisha kupata mnunuzi. Basi katika siku hizo hizo za kuandikiana na mnunuzi, kijana wao mmoja anayesoma Eldoret akawatumia picha ya jiwe hili kwa simu, na pamoja na picha akawatumia habari: wako watu mjini humo wasemao kwamba waliozikwa hapo ni babu yao na bibi yao.

"Sheikh," alituuliza, "ikiwa ni kweli, nyumba hii tunaiuza ya kwetu, au tunakula ya watu?"

Kaka yake mkubwa alikuwa na jawabu tayari. Jiwe lenyewe, alisema, linasema bin Abdallah na bint Abdallah. Baba ni mmoja, kwa hiyo huyo mwanamke ni dada yake. Watoto wa dada hawarithi palipo na mtoto wa kuzaa. Kifiqhi kaka huyu hakukosea hata herufi, ikiwa kweli yule ni dada.

Kabla ya kulisoma jiwe yafaa kuujua mji. Eldoret si mji wa kale kama miji yetu. Makaburu waliotoka Afrika Kusini walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na mji ukaanza katika shamba lililopewa nambari 64 karibu na mto Sosiani. Hadi leo wazee huuita Sitini na Nne, na wenyeji wakalitamka Sisibo. Jina la Eldoret lilipewa rasmi mwaka 1912, na reli ikaufikia mwaka 1924. Lakini Uislamu katika nchi hizo za juu haukungoja reli. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikifika Mumias tangu karne ya 19, na Wanubi, askari wa asili ya Sudani, wakakaa katika vituo vya serikali huku na huko. Baadaye wakaja maduka ya Wahindi, mifugo na biashara ya Wasomali, na mafundi, wapishi na makarani kutoka mwambao. Walio hai walikaa kila kundi na mtaa wake. Makaburini walilala pamoja, kwa kuwa Waislamu walikuwa wachache na uwanja ulikuwa mmoja.

Bibi yetu hakuingia makaburini. Mas-ala ya wanawake kuzuru makaburi yana maneno baina ya wanazuoni, na katika madhehebu yetu ya Shafii wengi wameliona ni karaha kwa kuchelea maombolezo, wengine wakaruhusu mwenye kujizuia. Yeye alichagua kusimama nje ya ukuta akasoma Fatiha hapo. Hatukumkataza wala hatukumhimiza.

Msomaji huenda akauliza: je, hilo jiwe lenyewe lina ruhusa? Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kujenga juu ya makaburi na kuyapaka chokaa, na imepokewa pia katazo la kuyaandika. Lakini yeye mwenyewe alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka kichwani pa Uthman bin Madh'un, apate kulijua kaburi la ndugu yake na kuwazika karibu naye watu wa nyumba yake watakaofuata. Ndipo wanazuoni wengi wakasema: alama si makosa, na jina kwa ajili ya kujulikana lina wasaa, ila fahari ndiyo mbaya. Mwambao wetu umeandika makaburi zamani sana. Pale Gedi, karibu na Malindi, lipo kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, sawa na mwaka 1399. Na Waarabu jiwe la kaburini huliita shahidi, neno lile lile la mtu anayesimama mbele ya kadhi.

Basi tukamhoji shahidi huyu. Kwanza miaka. Wengi hutuletea picha za makaburi ya wazee wao wakakwama kwenye Hijria, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua mwaka wa Hijria uugawe kwa 33; utakachopata kitoe katika mwaka huo huo, kisha ongeza 622. Mwaka 1348 ukigawa kwa 33 ni kama 41. Toa, inabaki 1307. Ongeza 622, ni 1929, na Rajabu ya mwaka huo iliangukia Disemba. Kwa hesabu hiyo hiyo 1361 ni 1942. Mume, au kaka, alifariki miaka 5 baada ya reli kufika. Mwanamke akamfuata baada ya miaka 13 ya Kiislamu.

Pili ni huyo Abdallah, na hapa ndipo palipokuwa pazito. Jamaa wa Mombasa walilelewa kwa habari kwamba babu yao ni Mwarabu wa Oman. Jiwe halikutaja kabila wala ukoo. Lilitaja mji tu, al-Mumbasi. Na jina la kwanza la marehemu, ambalo hatuliandiki kwa ombi la watu wake, ni moja katika majina ya heri ambayo mabwana walikuwa wakiwapa watumwa wao, mfano wa Mabruki, Feruzi, Almasi na Farajalla. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Wako watu wengi waliotoka utumwani bila ya kujua baba zao, na Mwislamu hana budi kuitwa kwa jina la baba. Wakaitwa bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu, jambo ambalo halina uongo ndani yake, kwani ni baba gani asiyekuwa mja wa Mungu? Vivyo hivyo aliyesilimu, mzazi wake akiwa na jina lisilokuwa la Kiislamu, huandikwa bin Abdallah au bint Abdallah. Bila shaka wako pia kina Abdallah wa kweli, wenye ndevu na mashamba. Jiwe peke yake haliwezi kuamua ni yupi. Ila hoja ya kaka, kwamba Abdallah wawili lazima wawe baba mmoja, ilianguka hapo hapo makaburini. Mtu wa pwani aliyetoka utumwani na mwanamke wa bara aliyesilimu wangeandikwa hivyo hivyo bila kuwa na damu moja.

Tulipomweleza bibi haya, alikaa kimya muda mrefu ukutani. Kisha akasema: "Kumbe ndiyo sababu bibi yangu hakupenda aulizwe." Hakusema zaidi siku hiyo.

Sasa neno la katikati. Kilichobaki ni herufi tatu za mwisho. Mwandishi ama aliandika "wa zaujatuhu", na mkewe, ama "wa ukhtuhu", na dada yake. Aliyesoma chuoni atatuelewa mara moja. Ukiondoa mwanzo wa maneno hayo mawili, ambao ndio ulioliwa, hubaki umbo lile lile: jimu, te na he kwa mke, khe, te na he kwa dada. Jimu na khe ni herufi ya umbo moja. Nukta ikiwa chini ni jimu, ikiwa juu ni khe. Nyumba ya Majengo, nasaba ya watu wa miji miwili, na haki ya wafu na walio hai vilikuwa vikining'inia kwenye nukta isiyozidi punje ya mtama.

Tuliliosha jiwe kwa maji matupu na brashi laini. Tunawasihi wasomaji wasitie siki, sabuni kali wala chaki, wala wasikwangue kwa kisu, maana wengi wamefuta majina ya wazee wao kwa kutaka kuyasoma. Tukangoja jua lipungue, tukamulika kurunzi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie katika michoro. Chini ya herufi palionekana shimo dogo, la duara. Tulifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha tukaona kwamba juu ya herufi pana shimo jingine, na jiwe lote lina vitobo kama mkate wa kumimina. La chini lilikuwa safi zaidi, lakini hatuwezi kumnyima mtu mali wala kumpa kwa shimo safi zaidi.

Tukaenda kwa watu. Nyumba ya Eldoret ilitupokea kwa chai na maandazi, na kwa hadhari vilevile, kwani mgeni anayeuliza babu yako ni nani siku hizi hutazamwa mikono. Katika ndoa ile walizaliwa wawili, mwanamume na mwanamke, ambao wote wamekwisha kufariki, na wajukuu wapo. Karatasi za yule mwana zinamtaja kwa jina la baba ambalo ndilo lililo katika jiwe. Tulipompigia simu kaka wa Mombasa alikuwa na jawabu la hilo pia: mjomba akilea, watoto huitwa kwa jina lake. Qur'ani imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, lakini ni kweli, watu hufanya.

Aliyelifungua fundo ni mwanamke. Karibu na hapo anaishi bibi wa Kinubi aliyepita miaka tisini, haoni vizuri, na ulimi wake ni mkali kama sindano. Tulimuuliza kama aliwahi kusikia habari za fundi cherehani wa Mombasa. Akasema hakumdiriki, ila mama yake alikuwa jirani na mkewe, na alikuwa akisimulia jinsi alivyompelekea chakula eda nzima, miezi minne na siku kumi, kwa sababu mwanamke yule alisilimu peke yake na hakuwa na jamaa wa kumhudumia. Tukamuuliza tena, je, hakuwa dada wa marehemu?

"Sheikh mzima," akasema, "dada hukaa eda?"

Tulicheka kwa haya. Dada humlilia kaka yake siku tatu. Miezi minne na siku kumi ni ya mke. Tulikuwa tumeitafuta nukta kwa kurunzi, na ilikuwa imehifadhiwa katika habari za jikoni, ambazo wanaume hatuziandiki.

Neno la mtu mmoja halitoshi. Katika madhehebu ya Shafii nasaba huthibiti kwa istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi wasioweza kudhaniwa wamekula njama. Tukazunguka kwa wazee wa msikitini na nyumba nyingine tatu, kila mmoja peke yake, na wote walijua jambo moja: wale walikuwa mke na mume. Tuliwashauri jamaa wa pande zote mbili wayapeleke hayo kwa kadhi, ambaye mamlaka yake katika mirathi ya Waislamu wanaokubali hukumu yake yametajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya. Sisi tulifanya hesabu tu, wapate kujua wanaingia katika jambo gani.

Marehemu aliacha wake wawili, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Tunaigawa nyumba mafungu 80. Wake wawili wana thumuni, yaani mafungu 10, kila mmoja 5. Yaliyobaki ni 70: kila mwana 28, na binti 14. Kwa kuwa kila mke alirithiwa na wanawe peke yao, fungu la mke wa Mombasa linakwenda kwa mwanawe, nalo upande wake unakuwa 33. Fungu la mke wa Eldoret linakwenda kwa wanawe wawili, na upande wao unakuwa 47.

Kaka alikuwa kwenye simu. "Arobaini na saba?" aliuliza. Tukamsomea hesabu tena tangu mwanzo, polepole. Akauliza kama nyumba isiyo na ardhi, ambayo kiwanja chake hulipiwa kodi kwa mwenyewe, nayo hurithiwa hivyo. Tukamwambia kuta, paa na milango ni mali kama mali nyingine, na kodi ya kiwanja aliyoilipa miaka yote ana haki ya kuidai kwa wenziwe. Akanyamaza, kisha akasema atampigia mnunuzi asubuhi.

Mwezi wa Shaabani walikuja Mombasa watatu kutoka Eldoret, wakatuomba tuwapeleke. Kijana wao alibisha hodi. Kutoka ndani kaka aliuliza, "Nani?" Kijana akataja jina lake, lile lile la jiwe. Ndani pakawa kimya, kwa sababu ndilo jina la kaka vilevile. Kila upande ulimpa mjukuu jina la babu bila kujua kwamba na wenzao wamempa. Kisha tukasikia komeo likifunguliwa, na sauti ya dada yake nyuma ikiwauliza wanaotoka baridi kama wanakula pilipili.

Nyumba haijauzwa. Ukuta wa upande wa kibla una ufa, na kwa sasa wanajadiliana ni nani atakayelipia saruji.