Mashine Inayotuma Sauti: Wakala wa Kompyuta na Kiswahili Chetu

Watumiaji wengi wa simu wamezoea kupeleka ujumbe wa sauti badala ya kuandika. Programu ya WhatsApp ilipata uwezo huo mwaka 2013. Siku hizi ujumbe wa namna hiyo waweza kutungwa, kutamkwa na kupelekwa pasipo mtu yeyote kufungua kinywa. Kazi hiyo hufanywa na wakala, yaani programu ya akili bandia ambayo hupokea agizo, huchagua hatua za kufuata na kutumia zana nyingine kulitimiza.

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba katibu wa kikundi cha akiba huko Ngamiani, jijini Tanga, mahali ambapo barabara hutajwa kwa namba, anataka kuwaita wanachama. Baadhi yao ni wazee wasioweza kusoma herufi ndogo za simu. Anaandika: "Wajumbe 2 wa kila kundi wafike barabara ya 8, saa 10:00." Kisha anamwagiza wakala ayapeleke maneno hayo kwa sauti.

Jinsi kazi inavyofanyika

Kwanza, tarakimu na vifupisho hugeuzwa kuwa maneno kamili. Pili, maneno hupangwa kwa silabi na mkazo. Tatu, kompyuta iliyofunzwa kwa saa nyingi za usomaji wa watu hutoa mawimbi ya sauti. Nne, mawimbi hayo hubanwa na kupelekwa.

Faida ya kubana yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Sauti ikipimwa mara 16,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikachukua biti 16, dakika moja huhitaji baiti 1,920,000. Mfumo uitwao Opus, uliosanifishwa mwaka 2012, waweza kupeleka maneno yanayosikika vizuri kwa biti 16,000 tu kwa sekunde. Dakika ile ile huhitaji baiti 120,000, yaani sehemu moja ya 16.

Mitego ya lugha

Ugumu mkubwa, hata hivyo, umo katika hatua mbili za mwanzo. Katika "wajumbe 2" tarakimu husomwa "wawili", lakini katika "vikundi 2" husomwa "viwili", kwa kuwa Kiswahili hupatanisha idadi na ngeli ya nomino. Neno "barabara" likiwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia. Mkazo ukisogezwa nyuma silabi moja, maana yake ni "sawasawa".

Saa ndiyo mtego ulio mbaya zaidi. Kwa mazoea ya Kiswahili, katibu amekusudia saa kumi jioni. Mashine iliyozoea saa za kimataifa yaweza kuielewa 10:00 kuwa saa nne asubuhi. Tofauti ni saa sita. Katika mkutano huo ni usumbufu; katika ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa, ni hatari.

Tena, msomaji akiona shaka hurudisha jicho nyuma. Msikilizaji, hasa asiyejua kusoma, hana maandishi ya kulinganisha. Hivyo yule anayefaidika zaidi na zana hii ndiye asiye na njia ya kuisahihisha. Kwa sababu hiyo inafaa katibu ausikilize ujumbe kwanza, na wakala asiupeleke kabla ya kuruhusiwa.

Nani anasema?

Tangu zamani sauti ya mtu imekuwa kama muhuri wake. Muhuri huo sasa waweza kughushiwa. Mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walieleza chombo kiitwacho VALL-E, kinachoweza kuiga sauti kutokana na mfano wa sekunde 3. Januari 2024 wapigakura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu zenye sauti ya kuigiza ya Rais Biden. Nchini Tanzania, ambako wananchi wamekwisha kuzoea ujumbe wa kitapeli unaowataka watume fedha kwenye namba fulani, ni rahisi kutambua madhara ya ulaghai huo ukija kwa sauti ya mwana au shangazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini sheria peke yake haitoshi. Wakala mwaminifu hujitambulisha kuwa ni mashine, humtaja aliyemtuma, na haigi sauti ya mtu pasipo idhini yake. Naye apokeaye ombi la fedha ampigie mhusika kwa namba aliyokuwa akiijua tangu awali.

Zoezi kwa wanafunzi

Andikeni sentensi 10 zenye saa, bei, idadi za ngeli mbalimbali na neno "barabara" kwa maana zake zote mbili. Ziacheni zisomwe na simu yenye uwezo wa kusoma Kiswahili, kisha ainisheni makosa: ya ngeli, ya mkazo au ya saa. Je, ni kosa lipi ambalo msikilizaji asiye na maandishi hawezi kulitambua?